Herufi Nne Nne

Fundi wetu wa seva haliamini faili lililotoka mtandaoni, hata likiwa limeshuka lote. Kila akipakua mfumo mpya, kabla hajauhifadhi kwenye seva, hulinganisha na orodha ya watengenezaji ule mlolongo mrefu wa herufi na tarakimu unaothibitisha kwamba faili halikuharibika njiani. Husoma kwa sauti, herufi nne nne, kidole kikitambaa kwenye skrini iliyojaa alama za kidole hicho hicho. Kisha husubiri kidogo. Zamani dada wa meza ya pili alikuwa akifuatisha kwenye karatasi na kumjibu, "Haya, twende." Dada huyo tulimzika kabla ya mvua, na sweta lake bado liko kwenye kiti. Ipo programu ya kulinganisha, kubofya mara moja tu. "Naijua," hutujibu, bila kugeuka. Jana roho iliniuma. Nilingoja anyamaze, nikasema, "Haya, twende." Kidole kikasimama. Alikaa hivyo mpaka skrini ikazimika yenyewe. "Umenikatisha, ndugu yangu," akasema kwa upole, akaiwasha skrini, akaanza upya kutoka herufi ya kwanza, safari hii kwa kunong'ona, nisije nikajibu tena.