Siku Mama Alipoitwa Mdogo

Jumamosi moja mama alikuwa ananisuka barazani, mdogo wangu akitambaa kando yetu, kijijini kwetu kaskazini mwa Msumbiji. Mama Filomena akapita na gunia la pamba kichwani, bintiye Filomena nyuma yake. Alisimama chini ya ngazi, akakunja goti kidogo.

"Umeamkaje, Dona Luiza?" alimsalimu, kama Wareno walivyowaita mabibi wao.

Mama aliitika bila kuinua macho. Filomena binti alikuwa rafiki yangu, lakini barazani kwetu hakuwahi kupanda.

Baba alikuwa karani wa kampuni ya pamba. Wareno walimhesabu kuwa mstaarabu, kwa hiyo nyumbani tulisema Kireno na kula kwa uma, na viboko vya msimamizi havikumgusa. Majirani wote walilazimishwa kulima pamba, na baba ndiye aliyewapimia kwenye mizani. Jioni alinipakata akaniimbia Kimakonde kwa sauti ndogo, mama akijifanya hasikii.

Vita vya uhuru tulivisikia kwa mbali. Halafu wapigania uhuru wakavunja daraja letu, na asubuhi iliyofuata askari wakaja.

Walitukusanya uwanjani. Ofisa alimwita baba kwa heshima, akamtaka aonyeshe nani anawalisha wapiganaji.

Baba alimtazama Mama Filomena, kisha akaangalia pembeni. Kijiji kizima kilijua mihogo ya wapiganaji inatoka kwake.

"Hawa ni wakulima tu," alisema.

Ofisa akauliza tena.

"Hawa ni wakulima tu."

Wakamfunga kamba mikononi. Alipopandishwa garini aliniita jina langu la Kimakonde, mbele yao, kwa sauti kubwa.

Nyumba zikaanza kuwaka.

Mama alibaki amesimama. Mama Filomena akambeba mdogo wangu mgongoni, akamshika mama mkono, akatuingiza porini pamoja na Filomena.

Tulilala vichakani, tukala mizizi. Mama alipoishiwa nguvu, Mama Filomena alimtafunia chakula kwanza, kama mtoto. Tulivuka Ruvuma kwa mtumbwi, asubuhi yenye ukungu, hakuna aliyekohoa.

Ng'ambo, upande wa Tanzania, mwandikishaji wa kambi ya wakimbizi alikuwa akizipanga familia. Akamnyooshea mama kidole.

"Huyu nani wako?"

"Mdogo wangu," akajibu Mama Filomena.

Mama ndiye aliyekuwa mkubwa kwa umri. Tukapewa kibanda kimoja. Usiku nilimsikia mama akisema, "Ahsante, dada," na tangu hapo hakumwita vingine, hata tulipohamia Mbagala, Dar es Salaam, tukajenga vyumba ukuta kwa ukuta.

Uhuru wa Msumbiji ulipotangazwa, Wamakonde wa Mbagala walicheza ngoma mpaka vumbi likafunika njia. Mama alipiga vigelegele pamoja nao. Kisha akaniambia, "Sasa watawafungulia wafungwa."

Tulingoja. Mwishowe Mama Filomena alifunga safari yeye mwenyewe kwenda kuuliza. Aliporudi alikaa mkekani bila kuvua kitenge cha safari.

"Luiza, waliofungwa naye wamesema alifia gerezani. Kaburi hawalijui."

Mama akasogea karibu naye.

"Dada, niambie kweli. Mlikuwa mnamchukia?"

"Sana. Kila msimu wa pamba." Akajifuta machozi kwa kiganja. "Na njia nzima nimemlilia kama kaka yangu."

Walilala kitanda kimoja wiki ile. Mie na Filomena tuliwapikia uji.

Nimezeeka sasa, na wajukuu zangu ni watoto wa Mbagala hasa. Wakiniuliza kama uhuru ulistahili gharama yake, nawajibu ndiyo, maana nilimwona Mama Filomena akichapwa kwa ajili ya pamba yake mwenyewe. Ila naona siwezi kulijibu swali hilo kwa niaba ya mama. Yeye hakukubali kuitwa mjane mpaka anakufa. Siku moja padri alimtaja hivyo kanisani, baada ya misa mama akamfuata, akamshika mkono kwa adabu.

"Baba, samahani," alimwambia. "Mie nina mume. Hajarudi tu."