Moyo Nambari Kumi na Saba

Walimwita Bi Lenzi kwa sababu ya kioo cha kukuzia alichokibana jichoni kutwa nzima, na siku nyingine akasahau, akatoka nacho mpaka barabarani. Kwa miaka ishirini na mbili alikuwa fundi saa. Watu walipoanza kutazama saa kwenye simu, benchi lake likakosa wateja, na karakana moja ya vifaa vya hospitali ikamchukua kwa ajili ya vidole vyake tu.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Kuna watu ambao kijisehemu fulani cha moyo wao hutoa umeme usiotakiwa, moyo ukaenda mbio bila sababu. Daktari hupitisha mrija mwembamba kwenye mshipa wa paja mpaka ndani ya moyo, na ncha ya mrija huo, iitwayo elektrodi, hukichoma kile kijisehemu kikanyamaza. Shida ni kwamba ncha ilikuwa kipande kigumu cha platinamu. Moyo hautulii. Kila ukidunda ncha inateleza, inagusa upande mmoja na kuchoma nusunusu. Ukiikandamiza, inatoboa.

"Nataka ncha inayojikunja kama kiwavi," mhandisi wa karakana alimwambia siku ya kwanza. "Iulalie moyo, isiudunge. Na maji ya kuipoza yapite humo humo."

Basi Bi Lenzi akawa anachora mikato, leza inaikata kwenye kijibomba kisichozidi punje ya mchele, naye anasafisha makali kwa mkono, jino moja baada ya jingine. Akimaliza, anajaribu. Rafuni palikuwa na mioyo ya mpira laini, kila mmoja umetengenezwa kwa kufuata picha ya moyo wa mgonjwa halisi. Haikuwa na majina, ilikuwa na nambari. Moyo ulizamishwa kwenye tangi la maji ya chumvi yenye joto la mwili, pampu ikaudundisha.

Yeye alipewa moyo nambari kumi na saba, uliokuwa mkorofi kuliko yote. Katika chumba cha juu cha kushoto, pale mishipa ya mapafu inapoingilia, ulikuwa na mfuko mdogo wenye umbo la sikio la panya, na mshipa mmoja uliogawanyika mapema kuliko kawaida. Ncha zake za mwanzo, ambazo bado zilikuwa ngumu, zilikwama humo. Kwa miezi minane Bi Lenzi aliutoboa mara kumi na moja, na kila mara aliandika daftarini tarehe na saa, akauziba kwa gundi, akaanza upya.

Siku moja umeme ulikatika saa nne asubuhi. Pampu ikazima, na mkono wake bado umeshika mrija. Kwenye vidole akausikia moyo ukidunda. Mara tatu. Mara nne. Kisha kimya.

"Ni maji yanatulia," mhandisi alisema.

"Maji hayana mpigo," akajibu, lakini taratibu, kama mtu asiyetaka kusikilizwa.

Nyumbani aliishi na mdogo wake wa kiume, mpaka rangi wa majumba, aliyehamia kwake baada ya kufiwa na mkewe. Mtaa mzima ulimwita Rangi, maana hakuna siku aliyorudi bila madoa masikioni. Alikuwa mtu wa mzaha, na ugonjwa wake aliuficha ndani ya mzaha. Dada yake alikuja kujua siku Rangi alipoanguka kutoka kwenye ngazi.

"Moyo wangu una tabia ya kukimbia kama umeona polisi," alimwambia akiwa kitandani hospitalini. "Huu mwaka wa tatu. Sikutaka kukuongezea mawazo, dada."

Daktari, mama wa makamo mwenye sauti ya chini, alimwita Bi Lenzi ofisini amwonyeshe picha kwenye kompyuta. Aliugeuza moyo polepole, juu, chini, ubavuni. Bi Lenzi akainua kidole kabla hajaambiwa kitu.

"Hapo nyuma kuna mfuko," alisema. "Kama sikio la panya. Na huo mshipa unagawanyika mapema."

Daktari akamgeukia. "Umejuaje?"

"Alishawahi kupigwa picha nyingine?"

"Miaka miwili iliyopita, hapa hapa. Tulimwomba ruhusa tuipeleke kwa watengenezaji wa vifaa, bila jina. Akatia sahihi." Daktari akatabasamu kidogo. "Nadhani hakusoma hata mstari mmoja."

Miezi minane mkono wa Bi Lenzi ulikuwa ndani ya moyo wa nduguye, naye anakwenda nyumbani kumpakulia chakula.

Rangi alikuwa na kijitabu. Daktari alimtaka aandike kila siku moyo unapomshika. Dada yake alikisoma Rangi akiwa amesinzia, huku daftari la karakana likiwa mapajani. Jumatatu, saa tano na dakika kumi: *nachomwa kwa ndani kama sindano, nikakaa chini.* Daftari lilisema Jumatatu ile ile, saa tano na dakika kumi. Akatafuta tarehe ya pili. Ikawa hivyo hivyo. Ya tatu hakuitafuta. Alifunga vyote viwili, akaenda kunawa mikono, akanawa tena.

Hakumwambia mtu. Mhandisi alipotaka kuwapa wengine nambari kumi na saba, alikataa katakata.

"Huu nauguza mimi," alisema. Mhandisi alidhani amekosea neno.

Tangu hapo hakuingiza ncha ngumu tena. Alisubiri maji yapate joto kabla ya kuuzamisha moyo, akaingiza mrija huku amezuia pumzi. Ncha ya kumi na tisa, yenye mikato iliyopinda kama herufi S, ilijikunja ikaingia kwenye sikio la panya na kulala humo, ikapanda na kushuka pamoja na moyo bila kuteleza.

Kibali cha kuitumia ncha hiyo kwa wagonjwa kilichukua mwaka na nusu. Rangi alimeza vidonge na kusubiri. Alipofanyiwa matibabu, kwa ncha ya aina ile ile, daktari alitoka akivua kofia na kusema mfuko haukusumbua hata kidogo. Baada ya wiki sita Rangi alirudi kazini, chini tu, ngazini wakapanda wengine.

Karakana ilipomaliza kazi na nambari kumi na saba, iliupeleka kwenye chuo ambako madaktari wanafundishwa kuongoza mrija. Bi Lenzi aliomba abaki nao. Wakamwambia haiwezekani, wenzake wakacheka kidogo, akacheka nao.

Wiki iliyofuata, asubuhi, ndugu wawili walikuwa wanakunywa chai. Rangi akaweka kikombe chini, akaweka kiganja kifuani.

"Umeanza tena?" dada yake akauliza.

"Hapana. Haukimbii." Alikuwa ametulia, kama anayesikiliza hatua chumba cha pili. "Kuna mtu tu humu ndani."

"Mtu gani?"

"Sijui, dada. Wa zamani alikuwa ameshanizoea. Huyu mkono wake mgeni. Nadhani bado anajifunza."

Bi Lenzi alisogeza kiti, akaweka mkono wake juu ya mkono wa nduguye, na chai ikapoa mbele yao mpaka Rangi aliposhusha pumzi na kusema, "Ametoka."