Mapapa Wangu Wote Wataliana

Tangu Mapinduzi ndimi ninayetunga maswali ya historia ya mtihani wa kuingilia sekondari, kwa kuwa nimesoma chuo kikuu. Mwaka huu wa 1970 niliuliza Mapapa wa Roma hutoka nchi gani. Jibu langu lilikuwa moja: Italia. Msichana mmoja akaandika kuwa wamo waliotoka Shamu, Uyunani, Uhispania, hata Afrika. Nikamkata alama kwa wino mwekundu.

Juzi nikawasimulia wenzangu barazani.

"Ati Papa Mwafrika! Kesho ataniambia yuko wa Makunduchi!"

Tukacheka mpaka kahawa ikamwagika. Bwana Salum, karani mstaafu aliyesomeshwa na mapadri, hakucheka.

"Watatu walitoka Afrika, Mwalimu. Wa Shamu na Uyunani ndio usiseme. Wataliana watupu ni miaka hii mia nne tu."

"Una hakika?"

"Kaulize kanisani."

"Hana haja ya kwenda huko," alisema Petro, muuza kahawa wetu. Miaka mitatu ananitilia kahawa, sijapata kumuuliza habari za watoto wake. "Yule msichana ni binti yangu, na mimi ndiye niliyemfundisha. Kakosa alama moja, Mwalimu. Nafasi yake kapewa mwengine. Nikutilie kikombe chengine?"