Kahawa Tuliyoiita ya Nyumba

Nakumbuka asubuhi moja ya ukungu hapa Muheto, mwanangu, Shangazi Marita alipoonja kahawa yangu, akakiweka kikombe chini polepole, akaniuliza kama kuna mtu amefiwa ndani ya nyumba hii. Nilikuwa kijana mwenye mabega mapana na maneno mengi, lakini mbele ya huyo dada ya marehemu baba yangu nilikuwa mtoto tena.

Nakuita mwanangu ingawa wewe ni mjukuu, mtoto wa Neema wangu. Juma lijalo unashuka kwenda Hombo kupakia mizigo ya magari, na jana uliniambia huku ukicheka: "Tate, kule marestora iko kila fasi. Kahawa iko ya kununua tu. Nani atapoteza saa ya kupika?" Siku hizi sikasiriki haraka, lakini neno lile lilinichoma, na nitakueleza kwa nini. Kaa hapa, usogeze kiti, na hiyo simu uiweke mfukoni.

Kuna jambo ambalo hatujakuambia. Hatukulificha, ila hakuna kilichobaki cha kutukumbusha. Mama yako alizaliwa na mguu wa kushoto umegeukia ndani, unyayo unatazama mguu mwenzake. Nyanya yako Furaha alikuwa anamfunika kwa kitenge hata wakati wa jua, ili watu wasitazame. Wako waliosema tumerogwa. Mimi niliwaambia maneno hayo wayamalizie kwao.

Muuguzi wa kituo cha afya alikuwa mama mmoja mpole, akaushika mguu ule, akaukunja na kuukunjua, akasema: "Huu iko inapona. Muende Goma. Batamufunga bendeji nyeupe, ile inakaukaka inakuwa nguvu, bataitoa, batafunga tena, mupaka mguu itageuka. Lakini mumulete mapema, mbele ya kuanza kusimama. Mufupa ya mutoto inasikilizaka. Ya mukubwa inakataa."

Tulirudi nyumbani tukihesabu. Goma maana yake ilikuwa nauli ya gari, pa kulala, na chakula cha mama na mtoto kwa majuma mengi. Sisi tulikuwa na shamba la maharagwe, mihogo, mbuzi mmoja, na mistari ya kahawa aliyoniachia baba. Mimi nilikuwa nasukuma chukudu, ile baiskeli ya mbao, nikishusha maharagwe ya watu barabarani na kurudi na chumvi na sabuni. Kazi ilikuwepo. Pesa ilikuwa inaingia. Lakini kila tulipotaka kuweka akiba, hatukukuta kitu.

Nyanya yako hakuwa mtu wa kelele. Jioni moja, akimnyonyesha mtoto, aliniuliza tu: "Papa Neema, ile makuta inapitiaka wapi?"

Nilijichunguza, pesa ile inapotelea wapi. Pombe sikunywa, na kanisani walikuwa wananisifu kwa hilo. Sigara, hapana. Wanawake wa nje, hapana, Mungu ananiona. Kila alfajiri, kabla ya kushika chukudu, nilikuwa nakaa kwa Mama Zawadi pale njia panda. Baridi ya milima yetu unaijua. Mama Zawadi alikuwa na kahawa ya unga ya kopo, na maziwa, na sukari asiyoionea huruma, na mandazi ya moto. Nikirudi na mzigo, napita tena. Mvua ikininyeshea, napita mara nyingine. Nani atamlaumu mtu kwa kikombe cha kahawa? Pesa ya pombe watu wote wanaiona, lakini ile ya kahawa inaondoka kwa adabu, na asubuhi inayofuata inaondoka nyingine.

Basi nikaamua kunywa nyumbani. Si tulikuwa na kahawa shambani? Hapo ndipo tulipokosea, na hatukuwa peke yetu, mlima mzima ulikuwa hivyo. Desturi yetu ilikuwa hii: tukishakamua matunda na kuosha mbegu, tunazitia ndani ya beseni la maji. Zile nzito zinazama, ni za mnunuzi. Zile nyepesi zinaelea, mnunuzi hazitaki, kwa sababu ndani hazina kitu. Hizo tulikuwa tunaziita "za nyumba". Hakuna aliyeshangaa. Hata mayai tulikuwa tunafanya vivyo hivyo, mazuri yanakwenda sokoni, lililopasuka linaliwa. Tulizaliwa tukaona wazazi wanafanya hivyo.

Nikachukua za nyumba, nikazitupa ndani ya sufuria juu ya moto mkali, zikawa makaa. Nikazitwanga, nikazichemsha kama mtu anayechemsha nguo. Uchungu wake ulikuwa unabaki mdomoni mpaka mchana. Nilivumilia siku chache, nikinywa huku nimefumba macho, na nyanya yako akinywa pamoja nami ili nisione aibu. Halafu nikarudi kwa Mama Zawadi. Nilikuwa na sababu nzuri, na sababu hiyo ilikuwa ya kweli: pale kwake ndipo wenye mizigo walikuwa wanakuja kutafuta watu wa chukudu. Mtoto naye alikuwa anakua. Alikwisha kuanza kukaa mwenyewe.

Ndipo Shangazi Marita akaja. Alikuwa mjane wa Nyamitaba, na ndiye aliyenilea mama yangu alipofariki. Alitembea kwa miguu kutoka kwake kuja kumwona mtoto, na fimbo yake na kikapu chake. Tulimpa kiti, na kwa heshima nikamtilia kahawa. Aliionja, akauliza swali lile nililokuambia mwanzo.

"Hapana, Shangazi," nikasema. "Hakuna mwenye amekufa. Hii iko kahawa ya nyumba."

"Na ile muzuri iko wapi?"

"Ile iko ya kuuzisha."

Alimtazama nyanya yako, akamtazama mtoto mapajani, akaufunua ule mguu bila kuogopa, akaufunika tena. Kisha akanigeukia. Sauti hakuipandisha, na hiyo ndiyo iliyoniumiza.

"Bahati, mimi njo nilikufundisha kuvuna. Yule muntu anakunywa kahawa yako ya muzuri, unamujua? Ameshakukaribisha kwake? Na huyu mwanamuke mwenye anaamka na weye kila siku, njo unamupatia bya kutupa. Nyumba yako umeifanya fasi ya takataka, halafu unashangaa miguu yako inakimbilia kwa Mama Zawadi. Muntu mwenye hakunywake bizuri kwake, atabinunua kwa wengine, hata kama mutoto wake anangojea."

Nilitazama chini. Nyanya yako alianza kulia polepole, na mimi nilijua analilia nini.

Shangazi hakwenda popote siku ile. Aliagiza beseni la mbegu zilizozama, zile nilizokwisha kukausha kwa ajili ya mnunuzi. Nilisita, nakiri. Nyanya yako naye aliogopa, akaninong'oneza kwamba hiyo ndiyo nauli ya Goma. Shangazi alisikia, akasema: "Ni beseni moja. Kwa Mama Zawadi munapeleka gunia."

Akatufundisha. Twanga kwenye kinu taratibu, ganda litoke bila kuvunja mbegu. Pepeta. Toa kila iliyo nyeusi na kila iliyotobolewa na mdudu. Kaanga ndani ya chungu cha udongo, juu ya makaa, wala si juu ya ndimi za moto, na mkono usiache kukoroga. Alikuwa ananipiga fimbo ya mguu kila niliposimama. Mbegu zinaanza kuwa za manjano, zinanuka kama mkate, halafu zinalia moja moja kama mahindi. Zikiwa rangi ya udongo wa njia yetu baada ya mvua, ondoa, mwaga kwenye ungo, peperusha zipoe. "Usikunywe leo," akasema. "Iache ilale." Kesho yake tulitwanga. Maji yakachemka, akayaepua kwanza, ndipo akatia unga, akafunika, akatungojesha mpaka machicha yazame chini.

Mwanangu, nilikuwa nimeishi kati ya kahawa tangu kuzaliwa, na siku ile ndiyo niliyoijua. Haikuhitaji sukari nyingi. Nyanya yako alishika kikombe kwa mikono miwili, akasema tu, "Kumbe."

Asubuhi iliyofuata nilikunywa, nikainuka kwenda kushika chukudu. Nyanya yako akasimama mlangoni na kunyoosha mkono. "Lipa," akasema.

"Nilipe nini?"

"Kahawa. Bei ya Mama Zawadi. Na mandazi."

Nilidhani anatania. Hakutania. Alijua kitu ambacho mimi sikukijua, kwamba pesa usiyoitumia asubuhi itatafuta njia nyingine kabla ya jioni. Basi kila siku nililipa kwangu kama mgeni, naye akaiweka ndani ya mtungi aliouficha mahali ambapo mimi sikuambiwa. Wenzangu wa chukudu waliposikia walinicheka sana, mwanaume mzima anakaanga kahawa na analipishwa na bibi yake. Nikawaacha wacheke. Kisha mmoja akaja kuonja, akaja na mwenzake, na Shangazi alikuwa ameshanionya: anayekuja aje na sukari yake. Walikuja na sukari zao kwenye vikaratasi. Baada ya muda, wenye mizigo wakajua kwamba watu wa chukudu wa kwanza wanapatikana barazani kwangu.

Mama Zawadi hakuwa adui, usinielewe vibaya. Alikuwa na watoto wake wa kulisha. Siku za soko nilikuwa napita kwake, nakula mandazi yake, tunasalimiana vizuri. Nilikuwa napita kwa sababu nimependa, na kisha naenda zangu.

Sitakudanganya kwamba kahawa peke yake ilimpeleka mama yako Goma. Tulimuuza mbuzi. Akina mama wa kanisa walichanga. Lakini nyanya yako alipofunua mtungi, tulitazamana, na ndipo tulipojua kwamba safari inawezekana. Neema alikuwa anatambaa tu, hajasimama. Daktari alimgeuza geuza, akasema tumefika wakati mzuri. Sitasahau alivyolia walipomfunga mara ya kwanza. Nyanya yako alibaki naye, mimi nikawa nashuka na chukudu mpaka barabarani, napanda gari, nawapelekea unga, maharagwe na kahawa iliyotwangwa. Mle wodini nyanya yako alikuwa anawapikia kina mama wengine wenye watoto kama wetu. Wengine walikuwa wamechelewa. Watoto wao walikuwa wanatembea tayari, kwa ubavu wa mguu, na daktari alikuwa anaongea na wazazi hao kwa sauti nyingine. Niliwatazama nikijua kwamba vikombe vichache zaidi kwa Mama Zawadi, nami ningekuwa pale walipokaa wao.

Shangazi Marita hakumwona Neema akitembea. Alifariki majira ya mvua, mtoto akiwa bado anavalishwa viatu vya hospitali, vya kuuzuia mguu usirudi ndani. Hilo linaniuma mpaka leo. Kwenye kilio chake tulikaanga zilizozama tu, kila aliyekuja kutupa pole alikunywa kahawa nzuri, na wazee wa Nyamitaba wakauliza imenunuliwa wapi. Chungu chake cha kukaangia nilipewa mimi. Ni hiki hapa, kina ufa ukingoni, lakini tumboni ni kizima.

Sasa nisikilize, maana nimezunguka vya kutosha. Kule Hombo utapata pesa kila jioni, na kila asubuhi kutakuwa na mtu amekuandalia namna ya kuimaliza kwa raha. Usiende kupambana na raha, utashindwa. Mimi nilipambana nayo kwa ile kahawa ya makaa, nikashindwa. Itengeneze raha hiyo kwako mwenyewe, tena iwe bora kuliko ya nje, na hutahitaji kujikataza. Kujinyima kwa chakula kibaya hakudumu, mtu anachoka anarudi alikotoka. Kilicho kizuri katika jasho lako, kipitishe nyumbani kwanza, ndipo uuze. Na ile pesa ambayo hukuitumia, iondoe mkononi papo hapo, uipe mtu anayekupenda asiyekuogopa. Ukioa, umpe bibi yako. Kabla hujaoa, mtumie mama yako, naye ataiweka mahali usipoambiwa. Halafu ujue unaiwekea nini. Mimi nilikuwa na mguu mdogo ndani ya kitenge. Wewe utakuwa na chako, na hakitakupigia hodi kabla ya kuja.

Chukua chungu hiki. Kifuko hiki ni cha zilizozama, nilizichagua mwenyewe juzi, macho haya yangali yanaona. Kaanga kidogo kidogo, usizirundike. Na ukicheka tena kwamba nani atapoteza saa ya kupika, nitashuka Hombo na fimbo ya Shangazi.

Mungu wa baba zetu akutangulie njiani, akulinde na magari na watu wabaya. Akupe nyumba ambayo hutatamani kuikimbia asubuhi. Akupe watu wa kukaa nao kwenye moto, na mwenzi atakayenyoosha mkono na kukuambia lipa. Na wazazi wakupeleke kwa amani, kama sisi tunavyokupeleka.

Sasa nyamaza kidogo. Mama yako anapanda na maji, ameshafika kwenye mawe. Kila jioni mimi nakaa hapa kusikiliza jambo moja, na leo usikilize pamoja nami. Mguu wa kulia, wa kushoto. Yote inalia sawa.