Masizi Kwenye Mpini wa Bastola

Mkono wangu umenilisha kuliko kichwa changu. Ni mkono mpana, kiganja kama kibao cha kukatia nyama, lakini vidole ni vifupi. Watu waliona upana tu. Hata mimi niliona upana tu, mpaka koplo mmoja pale Embu aliponionyesha mkono wangu mwenyewe, nikiwa tayari mtu mzima mwenye mke na duka.

Shule niliiacha darasa la pili. Kiswahili nilifunzwa na mtaa wa Majengo, pale Meru mjini, kwa Waislamu wenye bucha karibu na msikiti. Mimi ni Mkristo, na nyama ya Majengo lazima ichinjwe na Mwislamu, kwa hiyo kisu cha kuchinja walishika wao, cha kuchuna na kukata nikashika mimi. Nilianza na kisu cha kuazima. Baadaye nikawa na meza, halafu chumba, halafu bucha yangu. Hakuna mtu aliyenishika mkono.

Wakati wa Hali ya Hatari nilikuwa nanunua madume ya ng'ombe kule Muthara. Wachache waliliwa Majengo, wengine niliwateremsha kwa miguu kupitia Mitunguu hadi Embu, ambako kambi za askari zilitaka nyama kila wiki. Watu wa rika langu walikuwa msituni wakipigana na Mzungu, na mimi nililisha kambi zake. Anayetaka kunihukumu kwa hilo anihukumu, lakini asiseme nilificha.

Mitunguu ya siku zile haikuwa na mashamba haya ya ndizi mnayoyaona leo. Ilikuwa pori. Safari moja, mchana kweupe, simba alitoka kichakani akamrarua mchungaji wangu paja, akaondoka na ndama mbele ya macho yetu. Mchungaji huyo alikuwa Mtharaka, amenizidi umri, si mtu wa kutishwa na kivuli. Jeraha lilipopona nikamwita. Akakataa.

"Rungu nimelishika vya kutosha," akaniambia. "Siku utakayokuja na kitu kinachonguruma kuliko yule, nitatembea."

Kama vile haitoshi, amri ikatoka: hakuna kundi la ng'ombe litakalopita njia ya chini, ile ya Mitunguu, bila mtu mwenye silaha aliyeidhinishwa Embu. Bunduki ndefu wafanyabiashara hatukupewa, kwa hofu kwamba ikinyang'anywa itaingia msituni. Mtu aliyeaminiwa angeweza kupewa bastola, ifungwe kwa kamba begani. Na kupewa si bure. Ulisimama hatua ishirini kutoka kwenye ubao, ukapewa risasi sita, na nne zilitakiwa zitoboe ubao. Ukishindwa unakwenda zako.

Mimi wakati huo nilikuwa na madume thelathini na wawili wanaongoja Mitunguu, wakila nyasi za watu na kukonda. Nikishindwa, wanarudi Muthara, na kazi ya kambi anapewa mwingine. Nilikwenda Embu nikijua hivyo.

Stoo ya silaha ilikuwa chini ya afisa mmoja mzungu, kijana mrefu mwenye vidole kama mishumaa. Lakini ufunguo ulikaa kiunoni kwa koplo wake. Koplo alikuwa Mmbeere kutoka kule chini kwenye joto, mwembamba, sikio moja limekufa kwa mabomu ya vita vya Burma. Alikuwa na desturi ya kuufuta ufunguo ule kwa shati kila akimaliza kufungua, kama mtu anayefuta kijiko.

Sandukuni mlikuwa na bastola saba. Zote zilikula risasi ya aina moja, nene kama kidole changu cha mwisho, na hilo nililipenda, maana simba habishani na risasi ndogo, anakasirika tu. Lakini mipini yake haikufanana. Zilikuwa zimetoka kwa watu mbalimbali, walowezi waliorudi kwao, wanajeshi waliostaafu, na kila mmoja alikuwa amebadilisha mpini kwa mapenzi yake. Moja ilikuwa na mpini mnene mweusi, na chuma chake kiling'aa hata nikauona uso wangu. Afisa alinishika kiganja akakigeuza.

"Mkono mkubwa!" akasema. "Chukua hii."

Nami nilikuwa nimeshaichukua kwa macho.

"Hiyo si yako, mtu wa nyama," koplo akasema taratibu.

"Kwa nini?"

"Umeipenda kabla ya kuishika. Hata mke hachukuliwi hivyo."

"Wangu nilimchukua hivyohivyo."

"Pole yake," akasema, akafuta ufunguo.

Tukaenda uwanjani. Niliinua lile dude jeusi nikafyatua, na likaruka mkononi kama dume lililochomwa kwato. Mbili ziliingia ubaoni, nadhani kwa huruma ya Mungu. Nyingine zilijizika vumbini upande wa kushoto, zote kushoto, utafikiri nimezituma huko. Nilipomaliza, ngozi kati ya kidole gumba na cha shahada ilikuwa imepasuka na damu inanitiririka hadi kwenye kifundo.

Afisa hakunicheka. Alisema tu: "Kesho saa mbili asubuhi, mara ya mwisho. Ukikosa, rudisha ng'ombe."

Nilimkuta koplo ameketi chini ya ukingo wa paa la stoo, anatafuna mahindi ya kuchemsha. Nilikuwa na hasira, na mtu mwenye hasira hutafuta pa kuitupa.

"Bastola zenu mbovu," nikamwambia.

"Bastola ni nzuri sana. Mkono wako pia ni mzuri. Hamjuani tu." Akaendelea kutafuna. "Nyinyi Wameru, watu wa miraa, hamna subira. Kaa."

"Na nyinyi Wambeere, watu wa mishale, mnajua nini habari ya bastola?"

"Kaa, nikuonyeshe tunachojua."

Akaingia jikoni kwa askari, akarudi na sufuria kuukuu iliyopinduliwa. Akakwangua masizi ya chini, akayachanganya na mafuta kidogo, akanipaka kiganja kizima na vidole vyote vya mkono wa kulia, hata pale palipopasuka. Iliuma. Akaniambia kwao, wanapotia mpini kwenye shoka la kuchongea mizinga ya nyuki, hupaka chuma masizi kwanza. Wakikichomeka kwenye mti wa mpini na kukichomoa, doa jeusi huwaambia wapi chuma kimeugusa na wapi kimepita hewani. Wanachonga hapo mpaka doa lijae.

"Sasa shika kipenzi chako," akasema, akanipa ile nyeusi baada ya kuhakikisha haina kitu ndani. Alikuwa ameuzungushia mpini karatasi ya gazeti ili doa lionekane.

Nikashika kama nilivyoshika uwanjani, nikaachia. Tukaitazama karatasi. Katikati palikuwa na pengo jeupe kubwa kama yai. Kiganja changu chote kile, ninachojivunia, hakikugusa kitu.

"Unaona? Kiganja kipana, vidole vifupi. Mpini umekuwa mnene, kidole chako kinaifikia traiga ya kufyatulia kwa ncha ya ukucha. Ili uifikie, unaizungusha bastola mkononi bila kujua. Ikizunguka, mdomo wake unatazama kushoto, na teke lake linakupiga kwenye mfupa wa gumba." Akanitazama usoni. "Yule bwana aliona kiganja. Vidole hakuviona."

Nasema kweli, sijawahi kusomwa hivyo. Wala si mganga, ni mtu mwenye sufuria.

Tulizipitisha zote saba. Kila mara alibadilisha karatasi, akanipaka upya, akasoma. Mbili alizikataa kwa kutikisa kichwa tu. Nyingine moja alinishikisha mara tatu, akaniambia nifumbe macho, niinue mkono nielekeze mbele, kisha nifumbue. Kila nikifumbua, mdomo wa bastola ulikuwa umetazama pembeni, nami nilikuwa nimeapa kwamba umenyooka.

Ya saba ilikuwa chini kabisa. Sijaona chombo kibaya kama kile. Chuma kimepauka, mpini mwembamba umepasuka, na mtu fulani ameufunga kwa ngozi mbichi ya mbuzi iliyokaukia hapohapo kama jembe la mjane. Nikaishika kwa kinyaa. Koplo akafungua karatasi, na doa lilikuwa jeusi tupu, kuanzia mwanzo hadi mwisho, na kidole cha shahada kimeacha alama yake pale pale kwenye traiga, kwa nyama ya kidole, si kwa ukucha.

"Fumba macho. Inua. Fumbua."

Nikafumbua. Ilikuwa inatazama mbele, moja kwa moja, kwenye msumari wa mlango niliokuwa nimeuchagua.

"Hii siibebi," nikasema. "Majengo watanicheka mpaka nife."

"Ng'ombe wako wako Majengo?"

"Wako Mitunguu."

"Basi nenda Mitunguu." Akaokota gunzi lake. "Mimi Burma niliwaona maofisa wamezikwa na bastola nzuri sana."

Alasiri ile yote alinifanyisha kazi na ile mbaya, tupu, bila risasi. Kwanza kurudisha nyundo yake nyuma kwa gumba, halafu kuvuta traiga polepole. Akaweka punje ya mahindi juu ya mtutu, karibu na mdomo. Nivute, punje isianguke. Ilianguka mara nyingi, na kila ikianguka aliniambia niiokote mwenyewe. Jua lilipoanza kushuka ilibaki pale mara kumi mfululizo. Koplo akaichukua ile punje akaitafuna.

Asubuhi afisa alipoona nilichoshika, uso ukabadilika.

"Hii niliitenga ivunjwe. Nani amempa?"

"Mimi, Bwana," koplo akasema.

"Nilimchagulia nyingine."

"Ndiyo, Bwana."

"Akikosa na hii, ufunguo utaniachia. Umenielewa?"

"Ndiyo, Bwana." Mkono wake uligusa ufunguo kiunoni, ukaondoka.

Jana yake nilikuwa nahatarisha ng'ombe. Sasa nilikuwa nimebeba na mkate wa mtu mwingine, na yeye hata hakunitazama. Alisimama amenyoosha mikono, macho kwenye ubao.

Risasi ya kwanza nilikosa. Nilikosa kwa sababu nilimtazama afisa. Nikasikia koplo akikohoa. Nikajiambia: wewe, kumbuka punje ya mahindi. Nikarudisha nyundo, nikaweka nyama ya kidole, nikavuta taratibu. Ubao ukalia. Ya tatu ukalia. Ya nne ikaingia karibu na ya tatu hata nikadhani nimekosa, mpaka askari aliyekuwa ubaoni akainua mkono. Ile bastola iliruka, ndiyo, risasi nene lazima iruke, lakini iliruka na mkono wangu wote pamoja, ikarudi palepale. Ya tano ubao ukalia tena.

"Inatosha," afisa akasema. Nne zilikuwa zimetimia na moja imebaki ndani. Akanyoosha mkono wake. "Nipe nione."

Alikuwa mpigaji mzuri, kila mtu Embu alijua. Akaishika ile bastola mbaya, vidole vyake virefu vikauzunguka mpini mwembamba vikapita hadi kugusana, akalenga, akafyatua. Vumbi liliruka kulia kwa ubao.

Afisa akaitazama bastola, akamtazama koplo.

"Si ya Bwana," koplo akasema, kwa heshima kabisa.

Afisa akanirudishia bastola. Kibali alikitia sahihi palepale akiwa amesimama, juu ya mgongo wa askari. Na nimpe haki yake, hakumchukia koplo. Tangu siku ile waliokuja kuchukua silaha walipitia kwanza kwenye sufuria.

Nilipofika Mitunguu, mchungaji wangu aliitazama bastola ikining'inia kwa kamba, akazunguka akaitazama upande wa pili.

"Hicho ni silaha au mpini wa jembe?"

Nikalenga kisiki cha mbali, nikakitoboa. Ng'ombe wakashtuka, naye akashtuka kuliko ng'ombe. Halafu akachukua fimbo yake, akalipigia mluzi dume la mbele, akaanza kutembea.

Madume wote thelathini na wawili walifika Embu. Koplo nilimpelekea nyama ya kifua, na visu vitatu vizuri kutoka Majengo achague kimoja. Kwa majivuno yangu nikamwambia nimeshautazama mkono wake, nami naujua, ni mwembamba wenye vidole virefu, achukue kile cha katikati.

Aliinuka akaenda jikoni, akarudi na ile sufuria ya masizi.