Tulivyogawana Baba na Mama

Mwanangu, nakumbuka vizuri siku ile tuliyogawana wazazi wetu. Ilikuwa Jumapili mchana, Kimara, uani kwa kaka yangu Shaibu, na mie nina mimba ya miezi minane. Kusoma nilijifunzia kwenye kisomo cha watu wazima, kwa hiyo naandika kama ninavyosema, na majina nayataja.

Baba alikuwa haoni tena. Mama miguu ilimvimba, hata ndoo ya maji hawezi. Kukaa peke yao Mwananyamala kukawa hakuwezekani. Shaibu alikuwa balozi wa nyumba kumi, amezoea mikutano, akasimama kama yuko tawini.

"Ndugu zangu, kazi tugawane. Baba abaki kwangu. Mama aende Kimbiji kwa Zuhura, anakaribia kujifungua."

Shangazi akamuuliza, "Kwa nini wasikae wote hapa?"

Wifi yangu Mwajuma akamuwahi mumewe. "Chumba chenyewe kimoja, shangazi, na kimejaa magunia, pamebaki pa kulala mtu mmoja. Au niwalaze juu ya mahindi?"

Watu wakacheka.

"Basi waende wote kwa Zuhura," akasema Shangazi.

Hapo nikasema mie: "Baba atalalaje kwa mkwewe? Watu watanisemaje?"

Kwetu ndivyo ilivyokuwa. Mama huja kwa bintiye kulea mzazi, hakuna wa kumshangaa. Baba kuhamia kwa mkwe ni aibu. Lakini mie sikuisemea desturi. Mume wangu wala sikumuuliza. Nilimtaka mama anikande maji ya moto na anibebee mtoto. Baba nilimwona kazi.

Mama aliuliza moja tu. "Shaibu, talaka yangu iko wapi? Maana mie najua mke anatolewa kwa mumewe kwa talaka."

Baba akageuza uso kule ilikotoka sauti ya Mama. "Sasa tambuu atanipondea nani?"

Hakuwa na meno. Kila asubuhi Mama alimpondea kwenye kinu kidogo cha shaba, chokaa akiionja kwanza yeye isije ikamuunguza. Kinu akamwachia Mwajuma, na maelekezo.

Nikajifungua. Shaibu akamtuma mtu: Baba anamuulizia Mama, chakula anakisukuma. Nikasema arobaini ya mtoto iishe kwanza. Ikaisha, mvua zikashika, barabara ya Kimbiji ikawa tope, nikasema ikauke. Mama alishafunga kanga zake, furushi likakaa mlangoni wiki nzima na nyingine. Barabara ikakauka, na wa kwanza kupita akaja na habari ya msiba. Tulipofika Kimara, Baba alikuwa kazikwa tangu jana yake.

Mama alikikuta kinu jikoni, kinanuka vitunguu saumu.

"Tambuu yangu aliikataa, mama," Mwajuma akasema. "Nikaona kikae bure?"

Mama akakiosha. Halafu akasema, "Eda nitaikalia chumba alichofia mume wangu." Magunia yakatolewa jioni ile ile. Akakaa mle miezi minne na siku kumi, mwanangu, na hakuna aliyebanwa. Nafasi ilikuwepo siku zote.

Shaibu na Mwajuma nimewalaumu miaka yote hii, na bado nawalaumu. Ila barabara ya Kimbiji haikuwa ya Shaibu. Mie ndiye niliyesema ngoja.

Kwa hiyo nyie mnaokaa vikao vya wazee wenu, msianze na nani amchukue baba na nani amchukue mama. Anzeni na wapi watakaa wote wawili, kisha ndiyo mtafute nani wa kuteka maji. Hata mkiwapeleka makazi ya wazee, ulizeni: wanaume banda lao, wanawake lao? Wakisema ndiyo, kataeni mpaka chumba kimoja kipatikane. Na wazee wenyewe waulizeni kabla hamjafunga furushi.

Mungu akupe wa kuzeeka naye, mwanangu, na awape watoto wenu moyo wa kuhamisha magunia mapema.