Kipande cha Khanga kwa Fundichuma

Nilipokuwa bado navaa kaptula yenye madirisha mawili nyuma, kuangalia ndege hakukuwa burudani ya mtu. Ilikuwa kazi ya mtoto ambaye hajatumwa kuchota maji. Unakaa uani nyuma ya jiko, pale kijijini kwetu Yakobi, Njombe, unalinda vifaranga wasichukuliwe na mwewe. Na kwa kuwa mwewe naye ana shughuli zake kwingine, muda uliobaki unawaangalia ndege waliopo.

Siku hizi nina darubini. Niliipata Durban, miaka ile nilipokuwa nazunguka na malori, nikiwa na tumbo dogo na nywele nyingi. Siku ya kwanza kuitumia hapa nyumbani Makambako, jirani yangu Mzee Salumu, mwenye ghala la mahindi, alikuja kuniuliza kwa adabu zote kama namchungulia mkewe akianika nguo. Nikamwambia hapana mzee wangu, naangalia ndege. Akanitazama kwa huruma.

"Bora ungesema mke wangu," akasema. "Hilo ningelielewa."

Mwalimu wangu wa ndege alikuwa mama, ingawa hakuwahi kujiita hivyo. Alikuwa anakaa kwenye kigoda mlangoni mwa jiko, anachambua maharage, na mwaka mzima unapita mbele yake. Juni na Julai ukungu unashuka mpaka huoni wigo, sakitu, ule umande ulioganda kuwa barafu, imeunguza majani ya viazi, na mwenye moyo wa kuja uani ni yule ndege mdogo mweusi na mweupe anayetikisa mkia, anatembea juu ya majivu kama mkaguzi wa shule. Agosti mipichi inachanua, ndege chozi wanakuja kunyonya maua, wanang'aa kama mafuta ya taa yaliyomwagika majini. Septemba na Oktoba watu wanachoma mashamba, moshi kila kilima, na mramba wanakaa pembeni mwa moto wakisubiri panzi wanaokimbia. Mvua ya kwanza ikinyesha, kumbikumbi wanatoka ardhini, na hapo ndege na sisi watoto tunashindana, tofauti ikiwa tu kwamba wao hawakaangi. Halafu unakuja msimu wa ulanzi, pombe ya mianzi. Mwanzi unakatwa, unafungiwa mbeta ya kukingia, na asubuhi utamkuta ndege amekaa ukingoni mwa mbeta, anakunywa kwa utulivu, kisha anashindwa kuruka sawasawa.

"Msalimie baba yako mdogo," mama alikuwa ananiambia.

Katika ndege wote hao, mmoja tu hatukutakiwa hata kumtazama. Fundichuma.

Kama humjui, ni ndege wa rangi ya udongo, mkubwa kuliko njiwa, na kishungi cha kisogoni kinafanya kichwa chake kifanane na nyundo. Anakula vyura wa kwenye vinyungu, zile bustani za bondeni tunazolima kiangazi. Kiota chake ni nyumba kabisa: vijiti bila idadi, matope, paa gumu ambalo mtu anaweza kulisimamia. Juu ya paa anapamba kwa takataka, mifupa, kamba, matambara, chochote ulichosahau uani. Na hapo ndipo ilipokuwa hofu. Wazee walisema akijenga kwako, uhame. Akibeba kipande cha nguo yako akakiweka kwenye kiota, amebeba na uzima wako. Na usifikiri utabomoa, maana anayebomoa hupigwa na radi. Yaani ukimwacha umekwisha, ukimgusa umekwisha. Nimevuka mipaka mingi na nimesimama mbele ya maofisa wa forodha wa kila aina, lakini sheria iliyozibwa pande zote kama ile sijakutana nayo tena.

Mwaka ninaousema nilikuwa darasa la pili, na mama alikuwa mjamzito. Baada yangu alikuwa ameshazika watoto wawili, wote kabla hawajaanza kutambaa. Kwa hiyo tumbo lile halikuzungumzwa. Watu walilisalimia kwa macho, wakapita. Baba alikuwa anapasua mbao huko misituni, anarudi Jumamosi. Upepo wa Septemba ulipoanza, fundichuma wawili wakaanza kubeba vijiti kwenda kwenye panda ya mparachichi wetu, karibu kabisa na jiko.

Kiota hakijafika nusu, shangazi Damari akafika. Alikuwa dada mkubwa wa baba, kiongozi wa sauti ya kwanza kwaya ya usharika, na mtu aliyetupenda kupita kiasi. Naomba hilo lishikwe tangu sasa, maana mbele nitamcheka. Alisimama nje ya wigo.

"Kamwene, wifi!"

"Kamwene. Karibu ndani, wifi."

"Siingii. Umekiona hicho?"

"Nimekiona. Wanajenga vizuri kuliko mdogo wako."

"Usicheke! Nimekutengenezea chumba. Mchukue mtoto, chukueni nguo, mje kwangu mpaka ujifungue."

"Kwa sababu ya ndege?"

"Kwa sababu ya tumbo hilo!"

Mama akapuliza maganda ya maharage kwenye ungo. "Wifi, ndege huyu anakula vyura. Humu mimi sina chura."

Shangazi akajifunika uso kwa khanga. Mimi, kwa mawazo, nilikuwa tayari nimeshafunga nguo zangu. Jumapili tulikuwa tunaimba kanisani kwamba hatuogopi giza wala mauti. Jumatatu tunapita mbali na mparachichi.

Shangazi alirudi, akarudi tena. Kila mara wigoni, kila mara chumba kiko tayari, sasa kina hadi pazia. Siku moja mama alimjibu bila utani. "Nikitoka humu kwa sababu yake, nitarudi kwa ruhusa ya nani? Yake?"

Lakini kuna jambo nililiona, nikakaa nalo. Mama alikuwa ameacha kuanika nguo nje. Alianika ndani, juu ya moto, tukawa tunanuka moshi shuleni na kanisani kama samaki waliokaushwa.

Kisha ikaja siku ambayo mama alikuwa ameshuka kwenye vinyungu kuchuma mboga. Shangazi akaniita wigoni, akanipa kipande cha muwa, akaniambia nipande nikabomoe.

"Na radi, shangazi?"

"Mtoto mdogo radi haimhesabu. Panda, baba."

Nikapanda. Sikuwa shujaa, muwa ulikuwa mtamu. Nilipofika karibu na panda, fundichuma mmoja alitoka ndani akipiga kelele, ile sauti yake ya kucheka kama mlevi, na mimi nikakumbatia tawi na kugoma kwenda juu wala chini. Ndivyo mama alivyotukuta, ndoo ya mboga kichwani.

"Zaka, unafanya nini huko?"

"Nimemtuma mimi," shangazi akasema kutoka wigoni. "Abomoe. Mtoto radi haimhesabu."

"Nani kakuambia? Radi yenyewe?"

Akatua ndoo. Nilingoja aniambie nishuke. Badala yake akasema, "Haya, kwa kuwa umeshafika. Panda juu kidogo utuambie kuna nini kwenye paa lao."

Nikapanda, macho nusu. "Kuna mfupa," nikasema. "Kuna kamba. Kuna..." Nikakitambua kitambaa cha kaki. "Kuna matako ya kaptula yangu."

"Ndiyo maana hatukuyaona. Kuna nini tena?"

"Kipande cha khanga."

"Rangi gani?"

Nikalikumbatia tena tawi. "Nyekundu, mama. Ile yako."

Shangazi alipiga yowe ambalo naamini lilifika Uwemba. Akasahau nadhiri yake, akaingia uani mbio, akaja kusimama chini ya mti mikono juu. "Kishushe! Zaka mwanangu, kishushe hicho kitambaa, nipe mimi!"

Nikanyoosha mkono.

"Kiache," mama akasema.

Nilimtazama kutoka juu. Kutoka juu mzazi wako unamwona tofauti. Alikuwa mdogo kuliko nilivyomjua, tumbo limemtangulia, na mikono yote miwili imelifunika kama mtu anayeficha kitu. Ndipo nikajua kwamba anaogopa, na kwamba alikuwa anaogopa siku zote, tangu kijiti cha kwanza.

Akavua khanga aliyojitanda mabegani. Akauma pindo kwa meno, akachana. Ile sauti ya khanga ikichanika bado naisikia. Akatundika kipande kwenye mti wa wigo, peupe kabisa, akainua uso, akasema na wale ndege, si nasi.

"Hicho kimechakaa. Chukueni hiki."

Akaingia jikoni kupika mboga. Asubuhi yake wigo ulikuwa mtupu. Na siku hiyo mama alianika nguo nje, zote, hadi za mtoto ambaye hajazaliwa.

Mvua za Njombe zina radi ambazo zinaingia ndani bila kubisha hodi. Kila ilipopiga nilitoa kichwa kwenye blanketi kuangalia kama mama yupo. Alikuwepo. Mchana, mvua ikipungua, alikaa kigodani kwake, uso kwa mparachichi, akiwatazama wale wawili wakipishana na vyura mdomoni. "Leo wamechelewa," alikuwa anasema, kama mtu anayezungumzia majirani.

Uchungu ulimkuta pale pale kigodani, msimu wa ulanzi. Wanawake wakampeleka zahanati kwenye gari lililokuwa limebeba kabichi. Nikabaki na shangazi. Alikaa kwenye kigoda cha mama, akanikamata mkono, akakikazia macho kiota, na kuanzia hapo mpaka jioni akawatukana wale ndege kwa sauti ya kwanza.

"Mthubutu! Mthubutu tu, nitapanda mwenyewe, na hiyo radi inikute huko huko!"

Mti wenyewe ungemkataa. Shangazi alikuwa mtu wa kilo zake. Lakini sijawahi kupenda mtu kama nilivyompenda alasiri ile.

Baba akaja jioni akikimbia, matope hadi magotini. "Msichana," akasema. "Analia, ukiwa barabarani unamsikia."

Hatukushangilia sana. Wale wawili waliozikwa nao walilia. Tukangoja. Sakitu ya Juni ilipounguza viazi, Tabitha alikuwa anakaa. Mipichi ilipochanua, akateleza kutoka mapajani mwa mama, akatambaa mpaka kwenye majivu, akamfukuza yule ndege anayetikisa mkia. Shangazi akakimbilia nyuma ya jiko, na tuliposikia anapenga kamasi hakuna aliyemfuata.

Ungedhani yameishia hapo. Wiki chache baadaye shangazi alikuja na akina mama wawili wageni, kila mmoja ameshika kitambaa kipya. Walikuwa hawajapata watoto. Walitaka kutundika kwenye wigo wetu.

"Ndege ana baraka, wifi!" shangazi akasema. "Mwenyewe umeona!"

Mama aliwakaribisha wageni, akawapa uji na viti. Kisha akamgeukia wifi yake. "Mwaka jana muuaji, mwaka huu mkunga. Ndege wa watu hana hata habari. Mtoto huyu nimembeba mimi. Nilimbeba nikiogopa, na sitampa sifa hiyo mtu mwenye mabawa."

Wale akina mama wakacheka, mmoja mpaka machozi. Wakamaliza uji, wakaondoka na vitambaa vyao, na mama aliwasindikiza mbali sana. Shangazi alinuna mpaka Jumapili.

Mama na shangazi wote wameshaondoka sasa, kwa uzee. Siku mama alipofariki nilitoka uani kuangalia mparachichi, mimi niliyezunguka nusu ya bara, kuhakikisha kama fundichuma hakurudi. Hapakuwa na ndege yeyote. Nikajionea aibu, kisha nikasikia mama akinicheka.

Nayaandika haya kwa sababu mwaka huu fundichuma wawili wamejenga kwenye mjakaranda wangu hapa Makambako. Mzee Salumu alikuja siku ileile.

"Kata huo mti, Zaka. Mimi nina wajukuu hapa."

Nikamjibu kwa ufasaha mkubwa. Nikamweleza juu ya vyura, matope, na tabia za ndege. Akaondoka. Na nilipohakikisha ameingia kwake, nikaenda kwenye kamba, nikaanua shati langu la bluu nililonunua Lusaka, nikalificha kabatini. Damu ni damu.

Jumamosi Tabitha alikuja kutoka Kidugala, anakofundisha. Sauti kaichukua ya shangazi, ulimi kauchukua wa mama, kwangu hakuchukua kitu. Akaishika darubini, akatazama juu muda mrefu.

"Uchafu wote huo! Kama chumba chako," akasema. Kisha akatazama kamba. "Kaka, mbona nguo zako hazipo nje na jua kali hivi?"

Nikajifanya naangalia ndege. Yeye aliyewahi kuwa ndani ya lile tumbo hakuhitaji jibu. Akaingia ndani, akatoka na shati la bluu, akauma pindo kwa meno, akachana.

"Shati langu!"

"Limechakaa," akasema, na akatundika kipande ukutani, upande ambao Mzee Salumu anaona vizuri.

Asubuhi hakikuwepo. Shati bado nalivaa, limepungua nyuma kama zile kaptula zangu. Tangu siku hiyo Mzee Salumu, ambaye kwa kweli ananipenda, kila akitoka msikitini alfajiri anasimama ukutani na kuita kwa wasiwasi:

"Zaka! Upo?"

Na mimi, hata kama nimelala, naamka, nafungua dirisha, nampigia kelele mpaka ndege wanaruka:

"Nipo, mzee wangu! Nipo!"